Heringi Mwekundu: Asili ya Msemo na Ushahidi Wake

Waingereza husema "red herring" wanapotaja jambo liingizwalo katika mjadala au upelelezi likawapoteza watu njia, wakafuata lisilokuwapo. Heringi ni samaki wa bahari za kaskazini. Akitiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi muda mrefu huwa mwekundu, na harufu yake, kama ya ng'onda wetu wa pwani, haifichiki. Swali ni jinsi samaki huyu alivyogeuka kuwa sitiari.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wawindaji walimburura heringi kukatiza njia ya mnyama, ili mbwa wao wajifunze kutoiacha harufu ya kwanza. Maelezo haya yanapendeza, na kwa muda mrefu yalipokezanwa kitabu hadi kitabu. Kinachokosekana ni ushahidi. Chimbuko lake ni maandishi ya Gerard Langbaine ya mwaka 1685, ambayo baadaye yaliunganishwa na kitabu cha Nicholas Cox kuhusu uwindaji. Ukiyasoma yenyewe utaona kuwa Langbaine anazungumzia mafunzo ya farasi, wala si ya mbwa. Anashauri paka au mbweha mfu aburutwe mwendo wa maili 3 au 4, na wakikosekana hao atumiwe heringi. Kisha mbwa waifuate harufu hiyo, na farasi akimbie pamoja nao mpaka azoee. Mbwa hapa hawapotezwi, bali huongozwa.

Maana ya kupoteza tunaikuta kwa William Cobbett, katika gazeti lake, Political Register, la tarehe 14 Februari 1807. Alisimulia kwamba utotoni alimtumia heringi kuwatoa mbwa katika njia ya sungura. Shabaha yake haikuwa uwindaji. Alikuwa akiyashambulia magazeti yaliyoshikilia habari za uwongo za kushindwa kwa Napoleon, yakayaacha mambo mazito ya nchini mwao. Kama kisa chenyewe kilitukia au alikitunga, si neno. Sitiari ndiyo iliyoenea. Gerald Cohen na Robert Scott Ross ndio waliolibainisha jambo hili mwaka 2008, kwa kuzirudia matini za kale zenyewe. Kumbe maelezo ya asili ya msemo huu nayo yalikuwa heringi!

Sisi wa Kiswahili tusiharakishe kucheka. Wapo waliolipasua jina "Swahili" ili walipate neno "hila" ndani yake, na dhihaka hiyo ikawapaka tope wenye lugha. Neno la Kiarabu "sawahil", wingi wa "sahil", yaani pwani, lilikuwa wazi mbele yao; Ibn Battuta, aliyeizuru pwani hii mwaka 1331, alilitumia katika kuitaja nchi hii. Ushahidi ulikuwapo, ila haukuwa na utamu wa kisa.

Limebaki suala la mfasiri. "Heringi mwekundu" hakumwambii kitu msomaji wa Lamu, ambaye atadhani anatajiwa kitoweo. "Kiinimacho" ni karibu, lakini hicho hudanganya macho ya mtazamaji aliyetulia, hali heringi humhamisha mfuatiaji aliyekwisha kushika njia. Kwa maoni yangu kitenzi "kuzuga" ndicho kinachofaa zaidi, kwa kuwa mzugaji hukuvuta upande mmoja huku jambo lake likipita upande mwingine.