Mkate, uyoga na sosi ya karanga: chakula kilichopitia vita na mfungo

Ukimpa mtu wa Sekenke mkate uliojazwa uyoga, kisha ukamwambia kwamba sosi iliyomiminwa juu yake si jibini bali ni karanga, atakuuliza moja kati ya maswali mawili: umefunga, au umefilisika? Usimcheke. Chakula kisicho na nyama, maziwa wala mayai kimeingia duniani kwa milango hiyo hiyo miwili, mfungo na upungufu. Mlango wa upungufu ulipita karibu sana na hapa kwetu, na ndiyo maana nimeona niwaandikie historia hii kabla ya kuwapa mapishi yenyewe.

Nawaandikia hasa ninyi mama ntilie na wenye vibanda vya barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, hapa Sekenke na Shelui, na ninyi mnaolima karanga na alizeti halafu mnaziuza zote kwa gunia. Msafiri anayeshuka kwenye basi wakati wa Kwaresma, au mgeni asiyekula kitu cha mnyama, hununua maji na ndizi akaondoka. Hela yake inapita tu.

Tuanze na mlima wetu. Mgodi wa Sekenke ulifunguliwa mwaka 1909, enzi za Wajerumani, na unahesabiwa kuwa mgodi wa kwanza wa dhahabu katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli za Kiingereza ziliziba bahari. Bidhaa za Ulaya zikawa haziingii, sarafu nazo zikapungua. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, Wajerumani wakafua sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo aliyeinua mkonga. Dhahabu yake ilitoka hapa Sekenke. Zilifuliwa zaidi ya 16,000, na leo ukisikia mtu anaiuza huko Ulaya, bei yake si ya kuisemea kibandani. Mwezi Septemba mwaka huo huo Tabora ikaangukia mikononi mwa jeshi la Wabelgiji.

Sarafu ilikuwa kibadala kimoja tu. Kule Amani, milima ya Usambara, palikuwa na taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa mwaka 1902. Wakati wa vita wataalamu wake waliacha mengine yote wakawa wanatafuta vibadala vya vitu vilivyokosekana: kwinini kutoka magome ya miti waliyoipanda wenyewe, sabuni, mafuta na kadhalika. Walichukua kilichopo shambani wakakifanyia kazi ya kile kisichopo dukani. Sosi ya jibini isiyo na jibini ni akili ya namna hiyo hiyo.

Upande wa pili wa vita ile, Ujerumani kwenyewe, njaa ilikuwa kali. Nako bahari ilizibwa, na wananchi wa mijini walikosa nyama na mafuta. Mwaka 1917 mtaalamu mmoja, Richard Falck, alieleza jinsi ya kuotesha kwenye visiki vya miti uyoga huu tunaouita mamama, ule wenye umbo la sikio au kipepeo unaoota kwa mafungu. Huo ndio mwanzo unaotajwa wa kuulima uyoga wa mamama. Kwa hiyo mkulima anayening'iniza leo mifuko ya uyoga kwenye banda la nyasi anafuata njia iliyoanzia kwenye njaa ya Wazungu, ndani ya vita ile ile iliyobeba dhahabu ya Sekenke. Watu wengi wanadhani mzungu ametuletea uyoga kwa anasa. Hapana, alikuwa na njaa.

Lakini kuula uyoga hatukufundishwa na mtu. Hapa tuna walimu wa zamani zaidi, nao ni mchwa. Ndani ya kichuguu, mchwa wakubwa huyatafuna majani na vijiti, wakayajenga kama sega, na juu ya sega hilo hukuza ukungu wanaoula. Mvua za kwanza zikinyesha vizuri, ukungu ule hupasua ardhi na kutoka kama uyoga mkubwa mweupe wenye mzizi mrefu. Mchwa wamekuwa wakulima tangu mamilioni ya miaka kabla ya jembe. Uyoga wao, pamoja na utamu wake wote, mpaka leo binadamu hajafanikiwa kuulima kibiashara, kwa sababu unawahitaji wao. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu kizima kuhusu uyoga wa Tanzania, unaolika na usiolika. Kazi hiyo ilitegemea sana maelezo ya wanavijiji, wengi wao wanawake, ambao ndio wanaojua uyoga upi huokotwa wapi na mwezi gani. Elimu ile haikuwa imeandikwa, ilikuwa kichwani mwa bibi.

Hapo nakuomba unisikilize. Elimu ya bibi inafanya kazi msitu ule ule alioujua bibi. Ukihamia eneo jingine, kama wachimbaji wadogo wanavyohama, uyoga unaofanana kabisa na wa kwenu waweza kuwa wa kuua. Achana na vipimo vya mitaani. Kwamba kitunguu au sarafu ikigeuka nyeusi sufuriani ndipo kuna sumu, si kweli. Kwamba ulioliwa na konokono ni salama, si kweli. Kwamba kuchemsha sana kunaondoa sumu, kwa uyoga mbaya kuliko wote si kweli kabisa. Ubaya wa sumu ile inayoharibu ini ni kwamba mtu hula akashiba, akalala vizuri, na matapishi na kuhara huja baada ya saa sita mpaka siku nzima. Wakati huo uyoga wote umekwisha sufuriani na hakuna cha kumwonyesha daktari. Kwa biashara basi, tumia uyoga wa kulimwa tu. Nyumbani kula ule unaoujua wewe mwenyewe, si unaoambiwa na muuzaji.

Bonde la Wembere linatupa mabua ya mpunga na masalia ya pamba, na vyote viwili hufaa kuoteshea mamama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishaotesha uyoga wa kienyeji hata kwenye makapi ya mkonge, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Jambo la kuangalia ni mbegu: nunua kwenye maabara inayojulikana, na mabua yachemshwe au yafukizwe kwa mvuke kabla ya kupandikiza, la sivyo utavuna ukungu wa kijani.

Mkate nitaupitia haraka. Jina la sandwichi limetokana na mtawala mmoja wa Uingereza, John Montagu, aliyekuwa na cheo cha mji wa Sandwich, na lilianza kuandikwa mwaka 1762. Ngano ya jirani zetu ina habari chungu zaidi. Kule Basotu, Hanang, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ikisaidiwa na Kanada ilifungua mashamba makubwa saba ya ngano, karibu ekari laki moja kwa jumla, ili mijini wapate mkate. Wabarabaig walipoteza malisho yao bora, wakaenda mpaka mahakamani. Mfugaji aliondolewa ili mkate upatikane, na mkate wenyewe katika miaka ya shida ya 1980 bado uliadimika madukani. Ukinunua mkate kwa mapishi haya, soma karatasi yake, maana mingine huwekwa maziwa. Chapati ya maji na mafuta ya alizeti hufaa vile vile, na kwa maoni yangu ni nzuri zaidi.

Sasa karanga. Hii ndiyo sehemu ya historia ambayo kila mkulima wa kanda ya kati angepaswa kuijua.

Vita Kuu ya Pili iliiacha Uingereza bila mafuta ya kula. Siagi na margarini vilitolewa kwa mgao tangu mwaka 1940, jibini tangu 1941, na mgao haukuisha kabisa mpaka 1954. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, tawi la Unilever watengenezaji wa margarini, alipendekeza kwa serikali yake kwamba karanga zilimwe kwa matrekta Afrika Mashariki, zikamuliwe mafuta, ziwe margarini kwenye mkate wa Mwingereza. Mpango ukawa wa ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947, halafu Urambo na Nachingwea.

Ekari 150,000 zilitakiwa zipandwe msimu wa kwanza. Hazikufika hata 10,000. Mibuyu iligoma, mizizi ya vichaka ikavunja majembe, vifaru vya kivita vikageuzwa matrekta navyo vikashindwa. Zaidi ya yote, hakuna aliyemwuliza Mgogo kuhusu udongo na mvua zake. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi. Ukilowa unalimika, ukikauka unakuwa kama sakafu ya saruji, na karanga, kama unavyojua, huzaa chini. Zikabaki humo humo. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango, na pauni milioni 36 hivi zikafutwa vitabuni.

Wakati huo huo, kwenye vishamba vya robo ekari, kina mama wa Singida na Dodoma waliendelea kuvuna karanga zao, kuzitwanga na kuzitia kwenye mlenda na kwenye majani ya kunde. Hakuna aliyewaita watengenezaji wa sosi isiyo na maziwa.

Ulaya nako jina lilikuwa limepatikana. Ndani ya mgao ule, Waingereza wasiokula nyama waliruhusiwa kubadilisha mgao wao wa nyama kwa jibini zaidi. Wachache wakasema hata jibini hatuitaki, kwa sababu nayo inatoka kwa mnyama. Mwezi Novemba 1944 Donald Watson na wenzake wakaanzisha chama chao wakajiita vigani. Dunia ikadhani ni jambo jipya. Waorthodoksi wa Ethiopia walikuwa wakilifanya kwa karne nyingi: waumini wa kawaida hufunga nyama, maziwa na mayai zaidi ya siku 180 kwa mwaka. Katika mifungo hiyo husaga mbegu za alizeti, wakazichuja na kupata tui jeupe la kulowekea injera. Sisi wa Singida, ambao alizeti ndiyo jina letu sokoni, mbegu yote tunaipeleka kwenye mashine ya kukamua na mashudu tunawapa kuku.

Haya, tupike. Kikombe kimoja cha karanga mbichi zilizomenywa kinatosha watu wanne. Zichague punje kwa punje kwanza, na kila iliyosinyaa, iliyopasuka au yenye ukungu itupe kabisa, usimpe hata kuku. Sumukuvu haina mzaha. Mwaka 2016 watu karibu 20 walikufa Dodoma na Manyara kwa nafaka iliyokuwa nayo, na karanga huipata kirahisi kama mahindi. Kupika hakuiondoi.

Zichemshe dakika 20, mwaga maji, kisha zisage au zitwange laini sana na vikombe viwili vya maji ya moto, uchuje kwa kitambaa. Rudisha tui jikoni kwenye moto mdogo. Koroga vijiko viwili vya unga laini wa muhogo katika maji baridi kidogo, mimina humo huku unakoroga bila kuacha. Muhogo ndio unaoifanya sosi ivutike kama jibini iliyoyeyuka, unga wa ngano hauna uwezo huo. Ikishakuwa nzito tia chumvi, kitunguu saumu kilichopondwa, na manjano kidogo kwa rangi. Limau tia mwisho, baada ya kuepua. Ukali wake ndio unaoudanganya ulimi kwamba kuna maziwa yaliyochachuka.

Uyoga nusu kilo upasue kwa mkono kufuata nyuzi zake, usiukate kwa kisu. Kaanga kwa mafuta ya alizeti kwenye kikaango kipana chenye moto mkali, usiufunike na usiujaze mpaka juu, kwa sababu uyoga hutoa maji mengi na ukirundikana utachemka badala ya kukaangika. Maji yakikauka na kingo zikaanza kuwa za kahawia, tia vitunguu na pilipili hoho. Chumvi weka mwishoni. Pasha mkate kwenye kikaango hicho hicho ili unyonye ladha, jaza uyoga, mimina sosi ikiwa moto.

Kibandani, kaanga kile utakachouza siku hiyo. Uyoga uliopikwa asubuhi usiuzwe jioni, na sosi iliyolala ya muhogo na karanga imwage. Kabla ya kupiga hesabu ya bei, pima kwanza uyoga baada ya kuukaanga: nusu kilo hunywea sana, na wengi hupata hasara kwa kupanga bei wakiangalia ujazo wa mfuko. Na kila mteja mwambie kabla hajauma kwamba ndani mna karanga. Wapo ambao mwili wao hauzikubali, wakazibwa pumzi ndani ya dakika chache, na toka hapa mpaka kituo cha afya ni mwendo.