Nishati Hupungua, Ujumbe Usipotoshwe: Funzo la Oliver Heaviside

Mwezi Agosti 1858 Uingereza na Marekani ziliunganishwa kwa mara ya kwanza kwa waya wa telegrafu uliolazwa chini ya Bahari ya Atlantiki. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan, maneno yasiyofika 100, zilichukua zaidi ya saa 15 kupokewa. Wildman Whitehouse, daktari aliyekabidhiwa usimamizi wa umeme wa mradi huo, aliamini kuwa dawa ni kuongeza nguvu. Akaongeza volti. Waya, uliokuwa na kasoro tangu awali, ukafa baada ya wiki chache.

Swali lilibaki: nishati iingizwayo kwenye waya huwaje kadiri muda unavyokwenda? William Thomson alikwisha kuonyesha kuwa ishara ndani ya waya husambaa kama joto katika chuma: ukiurefusha waya mara mbili, ucheleweshaji huongezeka mara nne. Mwaka 1876 Oliver Heaviside, Mwingereza aliyeacha shule akiwa na miaka 16, alikiingiza katika hesabu kitu ambacho Thomson alikiacha: induktansi, yaani tabia ya waya kupinga mabadiliko ya mkondo wa umeme. Hapo mlinganyo ukabadilika. Haukueleza tena joto linalosambaa, bali wimbi linalosafiri kwa kasi yenye kikomo. Ukaingia katika ukoo ambao wanahisabati huuita milinganyo ya kihaipaboli.

Ukoo huo ulianza na d'Alembert mwaka 1747, alipochunguza uzi unaotetema. Katika mlinganyo wake nishati haipungui kamwe. Uzi hutetema milele. Waya wa Heaviside hauna bahati hiyo. Ukinzani wa shaba na uvujaji wa umeme huila nishati kila nukta, na iliyoliwa hairudi.

Mwaka 1887 Heaviside akatambua jambo la ajabu. Hasara haiepukiki, lakini inaweza kusawazishwa. Nishati ya wimbi ina sehemu mbili: ya sumaku, inayoliwa na ukinzani, na ya umeme, inayoliwa na uvujaji. Zikiliwa kwa kasi moja, wimbi hunywea bila kubadili umbo: sauti hufika hafifu, lakini maneno ni yale yale. Kasi zikitofautiana, ujumbe hupotoshwa. Tiba ilikuwa kuongeza induktansi.

Kwa bahati mbaya, William Preece, mtaalamu mwenye sauti kubwa katika Idara ya Posta ya Uingereza, alikuwa ameshikilia kuwa induktansi ni adui. Makala ambayo Heaviside aliandika pamoja na kaka yake Arthur, mtumishi wa idara hiyo hiyo, ikazuiwa. Mwaka 1900 Michael Pupin alipata hataza ya koili za kuongeza induktansi huko Marekani, akalipwa fedha nyingi. Heaviside hakuambulia kitu.

Ndugu msomaji, Whitehouse na Preece hawakupungukiwa cheo, walipungukiwa usikivu. Taasisi zetu nazo hupoteza nguvu kila siku: bajeti hupungua, watu huchoka. Hilo halizuiliki. Linalozuilika ni taarifa ya afisa wa chini kufika juu ikiwa imegeuzwa maana, au isifike kabisa kwa sababu inampinga mkubwa. Mtumishi wa umma anayeizuia taarifa ya namna hiyo leo ajiulize nani atailipia kesho, na kwa bei gani.