Chake Chake na Karafuu za Usiku

Msimu wa karafuu, Chake Chake unaijua kwa pua kabla ya macho. Makao makuu haya ya Mkoa wa Kusini Pemba ni mji mdogo tu, ila kando ya barabara karafuu zimeanikwa juani kwenye majamvi.

Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba haikuguswa sana, ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu za Zanzibar. Wachumaji wengi walikuwa watumwa. Utumwa haukufutwa kisheria hadi 1897.

Sasa pesa zilienda wapi? Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ikawa mnunuzi pekee, na bei ilipanga yenyewe. Miaka bei ilipokuwa duni, wakulima walitazama ng'ambo, Kenya, ambako gunia lilipata zaidi. Mashua zikaondoka usiku, kimya kimya. Wakubwa waliita hayo magendo, na aliyenaswa alipoteza mzigo wake.

Lakini hebu fikiria: mti umeupalilia wewe, mtoto wako ndiye aliyepanda kuchuma, halafu ukiuza unakopata bei nzuri, mwizi ni wewe?