Ufuatiliaji wa Chaneli ya Udhibiti kwa Makundi ya Vipindi

Ufuatiliaji wa chaneli ya udhibiti kwa makundi ya vipindi ni utaratibu wa 5G unaoipunguzia simu kazi ya kusaka maelekezo ya mnara katika masafa ya gigahezi 52.6 hadi 71. Ulianzishwa na 3GPP, muungano wa mashirika ya viwango vya simu, katika Toleo la 17 lililokamilika mwaka 2022.

Simu haiambiwi mapema ujumbe wake uko wapi ndani ya chaneli ya udhibiti, inayobeba maelekezo hayo. Hujaribu kufumbua nafasi moja baada ya nyingine. Mawimbi bebaji yakiachana kwa kilohezi 120, kipindi kimoja, yaani kipande kifupi cha muda wa kutuma, huchukua mikrosekunde 125, na ukomo wa kawaida ni majaribio 20 kwa kila kipindi. Kwa kilohezi 480 kipindi hushuka hadi mikrosekunde 31.25, kwa 960, hadi 15.625. Kusaka katika kila kipindi kungelemea prosesa na kumaliza chaji haraka.

Hivyo vipindi 4 kwa kilohezi 480, au 8 kwa 960, hufanywa kundi moja la mikrosekunde 125. Majaribio 20 huhesabiwa kwa kundi zima.

Mnara nao hauhitaji kutuma amri kila kipindi: amri moja yaweza kupanga hadi mafungu 8 ya data, kila fungu katika kipindi chake.