Chakula Kilicholala: Tulivyokihifadhi Jana na Tunavyopaswa Kukihifadhi Leo

Leo tunazungumza juu ya kiporo, yaani chakula kilichobaki na kulala. Karibu kila nyumba ina kiporo. Ugali wa jana huliwa na chai asubuhi, githeri hukaangwa upya kwa kitunguu, na uji wa mtoto uliopikwa alfajiri hungoja hadi mchana.

Wengi husema, "Bibi zetu walikula viporo na hawakuugua. Mbona nyinyi wauguzi mnatutisha?" Swali hili ni zuri. Kulijibu inabidi turudi nyuma kidogo, tuone wazee wetu walihifadhi nini na kwa njia gani.

MAARIFA YA WAZEE

Kabla ya friji kufika nchini kwetu, kila jamii ilikuwa na njia yake. Kando ya Ziwa Victoria, Wajaluo walianika samaki na omena juani, na nyama wakaikausha ikawa aliya. Kaskazini, Waborana na Wasomali walikata nyama vipande vidogo, wakaikausha, wakaikaanga na kuizamisha katika mafuta. Hiyo ndiyo nyirinyiri, chakula cha safari ndefu. Pwani, samaki alipasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa akawa ng'onda, na majahazi kutoka Arabuni yalileta papa mkavu hadi Lamu na Mombasa. Maembe na ndimu zilitiwa chumvi na pilipili zikawa achari.

Katika Bonde la Ufa, Wakalenjin walitengeneza mursik. Kibuyu kilisafishwa, kikapakwa ndani masizi ya mkaa wa miti maalumu, kisha maziwa yakawekwa humo hadi yakaganda na kuwa machachu. Katika jamii nyingi uji pia ulichachushwa kabla ya kunywewa.

Mama, tazama njia hizo kwa makini. Wazee hawakujua neno bakteria, lakini walijua kuzinyima bakteria raha. Vijidudu vinahitaji maji, chakula na joto la wastani ili vizaane. Jua na chumvi huondoa maji, mafuta huzuia hewa, na uchachu huvifanya vijidudu vingi vya ugonjwa vishindwe kukua.

Sasa hapa ndipo jibu la swali letu lilipo. Vyakula ambavyo bibi zetu walihifadhi kwa siku nyingi vilikuwa vikavu, vyenye chumvi, vyenye mafuta mengi au vichachu. Hakuna aliyeweka mchuzi wa nyama siku tatu kando ya meko. Kiporo chetu cha leo ni wali, maharagwe, mchuzi, uji wa maziwa na viazi vilivyopondwa. Vyote ni vyororo, vina maji mengi na havina uchachu. Tumebadilisha chakula, lakini tunakilaza kana kwamba bado ni aliya au nyirinyiri. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Kwa kiporo, tumeacha mila na bado hatujashika elimu mpya sawasawa.

ELIMU MPYA NA FRIJI

Elimu hiyo mpya ilitoka wapi? Nchini Ufaransa, mpishi wa peremende aitwaye Nicolas Appert aligundua kwamba chakula kikifungwa ndani ya chupa na kuchemshwa hukaa muda mrefu bila kuoza. Alichapisha njia yake mwaka 1810, lakini hakujua sababu. Katika miaka ya 1860, Mfaransa mwingine, Louis Pasteur, alionyesha kwamba kuchacha na kuoza huletwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Kutoka kwake tulipata njia ya kupasha maziwa moto ili kuua vijidudu.

Friji za nyumbani zilianza kuenea Marekani katika miaka ya 1920 na 1930. Kwetu Kenya, viwanda vilivyopoza maziwa vilitangulia. KCC ilianzishwa mwaka 1925. Friji ya nyumbani ilikawia sana kwa sababu stima haikuwepo. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba ni nusu tu ya nyumba, yaani asilimia 50.4, zilizotumia stima kwa mwanga. Na kuwa na stima si kuwa na friji.

Hata mwenye friji asilale. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zilikaa gizani kwa saa nyingi. Friji iliyofungwa huhifadhi baridi kwa muda wa saa 4 hivi. Baada ya hapo, nyama, maziwa na kiporo huanza kupata joto humo ndani ingawa mlango umefungwa. Tena friji haiui vijidudu. Inavipunguza mwendo tu.

MTOTO NDIYE ANAYELIPA

Katika miaka ya 1970, watafiti walichunguza vyakula vya watoto katika kijiji cha Keneba nchini Gambia. Akina mama wa huko, kama wengi wetu, walipika uji asubuhi, wakaenda shambani, na mtoto akaendelea kulishwa uji uleule mchana kutwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yalionyesha kwamba kadiri chakula kilivyokaa, ndivyo vijidudu vilivyoongezeka. Hali ilikuwa mbaya zaidi wakati wa mvua, ambapo kazi ya shamba ni nyingi na watoto wengi huhara.

Hebu tupige hesabu. Katika chakula chenye joto la kawaida la nyumba, bakteria fulani huweza kujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20. Chukua kijidudu kimoja tu, kilichoingia na kijiko saa moja asubuhi. Ikifika saa nane mchana vimekuwa zaidi ya milioni 2. Uji haujabadilika rangi wala harufu. Yaya anaonja, anaona ni mtamu, anampa mtoto.

Mtu mzima huenda akapata tumbo la kusokota na kupona. Mtoto mdogo hupoteza maji haraka, na akihara mara kwa mara hapati uzito. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa makadirio kwamba watoto wa chini ya miaka 5 ni asilimia 9 tu ya watu duniani, lakini ni asilimia 30 ya wanaouawa na chakula kichafu.

"SI NITAPASHA MOTO?"

Hilo ndilo tegemeo letu kubwa, na mara nyingi moto husaidia. Lakini historia inatuonya mara mbili.

Onyo la kwanza lilitoka Uingereza. Kuanzia mwaka 1971, watu kadhaa walitapika baada ya kula wali wa kukaangwa katika mikahawa ya Kichina. Ilibainika kwamba wali ulichemshwa mwingi, ukaachwa nje kwa saa nyingi, kisha ukakaangwa harakaharaka. Bakteria iitwayo Bacillus cereus ina mbegu zinazostahimili kuchemka. Wali ukikaa na uvuguvugu, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu ambayo kupashwa moto hakuiondoi.

Onyo la pili lilitoka hapa kwetu. Mwaka 2004, Ukambani na sehemu za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Mahindi yaliwekwa yakiwa na unyevu, na wengine waliyaweka ndani ya nyumba badala ya ghalani. Yalipikwa vizuri, lakini sumu haikutoka. Najua mahindi ghalani si kiporo, lakini funzo ni lile lile: moto huua kijidudu, hauondoi kila sumu. Uhifadhi mbaya hausahihishwi na jiko.

TUFANYE NINI?

Mwaka 2001 WHO ilitoa mambo matano ya kuzingatia kuhusu usalama wa chakula: usafi, kutenga kibichi na kilichopikwa, kupika hadi kiive, kuhifadhi katika joto linalofaa, na kutumia maji na vyakula salama. Kwa kiporo, yafanye hivi:

1. Pika kinachotosha. Kama huna friji, hii ndiyo hifadhi bora kuliko zote. Uji wa mtoto upike kidogo mara mbili badala ya sufuria moja ya siku nzima.

2. Usiache chakula kilichopikwa nje zaidi ya muda wa saa 2. Mahali penye joto kali, kama Garissa, Lodwar au Mombasa, hesabu saa 1.

3. Pakua kiporo kabla ya kula, kwa mwiko safi, kisha kifunike. Kilichobaki kwenye sahani au kikombe cha mtoto kina mate yake, usikirudishe sufuriani.

4. Mwenye friji, gawa chakula katika vyombo vipana visivyo na kina ili kipoe haraka. Unaweza kukalisha sufuria ndani ya beseni la maji baridi. Kisha kiweke chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, mbali na nyama mbichi, na kiliwe ndani ya siku 2 au 3.

5. Usiye na friji, kiweke kikiwa moto kweli, zaidi ya nyuzi 60, ndani ya hotipoti au chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka. Kikishakuwa vuguvugu, anza kuhesabu saa zako.

6. Pasha moto hadi kitokote na kitoe mvuke kila mahali, ukikoroga. Pasha mara moja tu. Kikibaki tena, kitupe.

7. Kiporo cha mtu mzima kisiwe chakula cha mtoto mchanga. Hadi miezi 6, maziwa ya mama pekee yanatosha.

Na je, njia za wazee tuziache? La. Endelea kuanika omena na mboga juani, juu ya ardhi na mbali na nzi. Maziwa yachemshe kwanza ndipo uyagandishe, kwa sababu maziwa mabichi yaweza kuleta ugonjwa wa bruselosi. Ukichachusha uji, tumia chombo safi na upike vizuri.

Mtoto akianza kuhara, mpe ORS na umpeleke kituo cha afya apate vidonge vya zinki. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Kimbia upesi ukiona damu katika choo, macho yaliyodidimia, degedege, au mtoto amelegea, hawezi kunyonya au anatapika kila kitu.

Mama, najua unga ni ghali na kutupa chakula kunauma. Ndiyo maana nasema tupunguze kipimo sufuriani kabla hatujafika kwenye kutupa. Leo jioni, unapopakua, tazama saa. Kisha mweleze na yule unayemwachia mtoto kesho, maana yeye ndiye atakayefunua ile sufuria.