Programu huria: Namna jamii za watayarishaji zinavyojadiliana na kukata shauri

KATIKA eneo kame la Kyuso, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, kazi kubwa kama ya kujenga bwawa la mchanga haifanywi na mtu mmoja. Majirani huungana katika mwethya, desturi ya Wakamba ya kufanya kazi kwa ushirika. Kabla ya jembe la kwanza kuinuliwa, ni lazima wakubaliane nani atabeba mawe, nani atapika na bwawa litajengwa sehemu gani ya mto.

Utaratibu unaokaribiana na huo ndio unaoendesha sehemu kubwa ya kompyuta duniani. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yanayoielekeza kompyuta, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza kwa masharti ya leseni yake. Mfano maarufu ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, na ambayo leo ndiyo kiini cha simu za Android.

Kenya nayo ina historia katika jambo hili. OpenMRS, programu ya kuhifadhi rekodi za wagonjwa, ilianza mwaka 2004 kutokana na ushirikiano wa wataalamu wa Indiana, Marekani, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret. Juu ya msingi huo ndipo ilipojengwa KenyaEMR, inayotumiwa na mamia ya vituo vya afya nchini.

Nayo Ushahidi ilibuniwa Januari 2008 ili kukusanya ripoti za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Kwa kuwa msimbo wake uliwekwa wazi, watu wa nchi nyingine waliichukua, na mwaka 2010 ilitumika baada ya tetemeko la ardhi nchini Haiti.

Mazungumzo kwa maandishi

Watayarishaji wa programu hizi wametapakaa duniani. Wengine wameajiriwa na makampuni, wengine hujitolea, na wengi wao hawajawahi kuonana. Wakati wa Nairobi ni mchana, wenzao wa Marekani wamelala.

Kwa sababu hiyo, mambo muhimu hujadiliwa kwa maandishi mahali ambapo wote wanaweza kuona. Kila hitilafu inayoripotiwa hupewa nambari yake. Mwenye pendekezo la kubadilisha msimbo huliwasilisha, wenzake hulikagua, na sababu za kulikubali au kulikataa hubaki kwenye kumbukumbu. Anayejiunga miaka mitano baadaye anaweza kusoma kwa nini uamuzi fulani ulifikiwa, bila kutegemea masimulizi ya waliokuwapo.

Nani huamua?

Ipo mitindo mitatu mikuu. Wa kwanza ni wa mwanzilishi kuwa na kauli ya mwisho, kama Torvalds katika Linux, ingawa kazi kubwa ya ukaguzi hufanywa na wasimamizi wa sehemu mbalimbali walio chini yake.

Wa pili ni wa makubaliano. Katika Shirika la Apache, wanachama hupiga kura kwa alama: +1 ni kuunga mkono, 0 ni kutokuwa na msimamo, na -1 ni kupinga. Kura moja tu ya -1 yaweza kusimamisha badiliko la msimbo, mradi mpingaji atoe sababu za kiufundi. Kwa mambo madogo, kimya huhesabiwa kuwa ridhaa.

Wa tatu ni wa uchaguzi. Mradi wa Debian una katiba tangu mwaka 1998, na kila mwaka wanachama humchagua kiongozi wao. Lugha ya Python iliufuata mkondo huo baada ya mwanzilishi wake, Guido van Rossum, kujiuzulu uongozi Julai 2018 kufuatia mabishano makali juu ya pendekezo moja. Tangu mwaka 2019 inaongozwa na baraza la watu watano wanaochaguliwa.

Wasipokubaliana

Mzozo ukishindikana kutatuliwa, leseni inaruhusu upande mmoja kuchukua msimbo na kwenda zake. Jambo hilo liliigusa pia lugha ya Kiswahili. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu ya ofisi iitwayo OpenOffice.org. Mwaka 2010, baada ya kampuni ya Oracle kuinunua Sun iliyoidhamini programu hiyo, wachangiaji wengi walijitenga na kuanzisha LibreOffice.

Haki hiyo ya kujitenga huwafanya viongozi kusikiliza. Hata hivyo ina gharama, kwani nguvu hugawanyika na watumiaji hubaki wakijiuliza wafuate upande upi.

Funzo la pampu

Kukubaliana pekee hakutoshi. Huko Kyuso, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya jaribio mwaka 2013 kwa kufunga chombo kidogo ndani ya mipini ya pampu za maji. Chombo hicho kilihesabu mwendo wa mpini na kutuma taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu, na mafundi wakajua mara moja pampu ipi imekwama. Muda wa wastani wa ukarabati ulishuka kutoka takriban siku 27 hadi chini ya siku 3.

Pampu hizo zilikuwa na wenyewe hata hapo awali. Kilichokosekana ni habari kumfikia fundi kwa haraka, na fundi mwenye wajibu wa kwenda.

Programu huria hukumbwa na tatizo lilo hilo. Machi 2024 iligunduliwa kwamba XZ, programu ndogo inayotumika katika kompyuta nyingi za Linux, ilikuwa imetiwa mlango wa siri. Mtunzaji wake mmoja, aliyekuwa amelemewa na kazi, alikuwa ameshinikizwa kwa ujumbe wa lawama hadi akamkabidhi mgeni sehemu ya mamlaka. Mamilioni waliitegemea, lakini hakuna aliyeuliza nani anamsaidia.

Pengo jingine ni la lugha. Mijadala mingi huendeshwa kwa Kiingereza na huhitaji intaneti isiyokatika. Muuguzi wa zahanati ya mbali ndiye anayeijua hitilafu kwanza, lakini huwa wa mwisho kusikika. Jamii iliyo imara humwekea njia ya kufikisha habari hiyo, hata kupitia mkufunzi wa kaunti, na kumrudishia jibu. Bila njia hiyo, uwazi wa msimbo huwafaa wale tu ambao tayari wamo kikaoni.