Otofaji na ugonjwa wa kurithi wa AP-4 kwa watoto

Wapo watoto wanaozaliwa salama na kunyonya vizuri, lakini wakachelewa sana kukaa na kutembea. Baadaye miguu huanza kukaza. Wengi huambiwa wana mtindio wa ubongo. Kwa wachache, chanzo ni ugonjwa adimu wa kurithi unaoitwa paraplejia ya AP-4. Daktari Darius Ebrahimi-Fakhari wa hospitali ya watoto ya Boston, Marekani, ni mmoja wa wanasayansi wanaouchunguza.

Otofaji ni nini?

Ni kazi ya usafi ndani ya seli. Protini zilizochakaa hufungwa kwenye mfuko mdogo, mfuko hupelekwa mahali pa kusagia taka, na vilivyomo hutumika upya. Mwanasayansi wa Japani, Yoshinori Ohsumi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuonyesha jinsi kazi hii inavyoendeshwa.

Seli za neva zinauhitaji sana usafi huu. Nyingi hazibadilishwi kwa mpya. Tunazaliwa nazo na kuzeeka nazo. Zile zinazotuma amri za kuiongoza miguu zina mikia mirefu, kutoka kwenye ubongo hadi chini ya uti wa mgongo.

Nini huharibika?

AP-4 ni kundi la protini nne zinazofanya kazi kama wapakiaji mizigo ndani ya seli. Mzigo wao mmoja ni ATG9A, protini inayosaidia kutengeneza ile mifuko ya taka. Jeni ya mpakiaji mmoja ikiwa na hitilafu, ATG9A hukwama karibu na kiini cha seli na haifiki vya kutosha kwenye mkia wa neva. Usafi huzorota, na mkia huanza kudhoofika.

Dalili

Mwaka 2020, Ebrahimi-Fakhari na wenzake walichapisha taarifa za wagonjwa 156 kutoka nchi mbalimbali. Dalili za kawaida ni:

- mwili kulegea utotoni, kisha miguu kukakamaa;
- kuchelewa kukaa, kusimama na kutembea;
- kusema maneno machache au kutosema kabisa;
- degedege, mara nyingi wakati wa homa;
- kichwa kidogo kuliko umri.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwa na dalili kama hizi. Mwone daktari tena na umuulize kuhusu magonjwa ya kurithi ikiwa mimba na uzazi havikuwa na tatizo, ikiwa ukakamavu unaongezeka mwaka hadi mwaka, au ikiwa mtoto mwingine katika ukoo ana hali hiyo. Kipimo cha jeni ndicho kinachothibitisha.

Je, ni kosa la mama?

Hapana. Mtoto huugua akipokea jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wenyewe huwa wazima na hawajui kuwa wanaibeba. Katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kuugua ni 1 kati ya 4. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba. Kupata mtoto mmoja mgonjwa hakumaanishi watatu wanaofuata watakuwa salama. Hatari huongezeka wazazi wakiwa ndugu wa damu.

Utafiti umefika wapi?

Mwaka 2024, kikundi cha Boston kilieleza jinsi kilivyopima kemikali 28,864 kwenye seli za maabara. Moja ilisaidia ATG9A kusafiri tena. Bado si dawa ya kupewa mtoto.

Huko Toronto, Kanada, mtoto mmoja mwenye aina ya SPG50 ya ugonjwa huu aliwekewa nakala nzima ya jeni kupitia maji ya uti wa mgongo, mwezi Machi 2022. Baada ya mwaka mmoja, madaktari waliona dalili kwamba huenda ugonjwa ulikuwa umeacha kuendelea. Hata hivyo, matokeo ya mtoto mmoja hayatoshi kuthibitisha tiba.

Mlezi afanye nini sasa?

- Mpeleke mtoto kwenye mazoezi ya viungo mapema, na muyaendeleze nyumbani ili misuli isijikunje.
- Mtoto asiyesema mfundishe kuwasiliana kwa picha na ishara.
- Ikiwa ameandikiwa dawa za kifafa, usizikatishe bila daktari.
- Akipata degedege, mlaze ubavu na usimtie kitu mdomoni. Ikizidi dakika 5, mkimbize hospitali.
- Usimfungishe wala kumpunguzia chakula kwa sababu umesikia kwamba njaa husafisha seli. Njaa hairekebishi jeni iliyoharibika, na mtoto anayekua anahitaji lishe.

Tiba ya kuumaliza ugonjwa huu bado haijapatikana. Lakini mtoto aliyepimwa na kujulikana aina yake ndiye atakayeweza kuitwa tiba hiyo ikipatikana. Tunza majibu ya vipimo vyake pamoja na kadi ya kliniki.